Aliyemimina Maji Hana Jina

Nikiwa na miaka 19 nilikesha usiku mzima nikichota maji kwa jagi na kuyamwaga pale pale nilipoyatoa.

Hebu pata picha. Stima zimepotea mtaa mzima tangu saa mbili usiku. Betri ya akiba imegoma. Mdosi yuko safarini, na mimi niko sebuleni kwa watu, tochi ya simu nimeiegemeza kwenye chupa, nachota, nainua, namwaga. Nachota, nainua, namwaga. Jirani angechungulia dirishani angesema huyu kijana amerogwa.

Nilikuwa naokoa tangi la lita 400 la maji ya chumvi, lenye samaki saba na matumbawe. Matumbawe hai, wasee, hapa Nairobi, karibu kilomita 500 kutoka baharini. Pampu zikizima maji yanatulia, na yakitulia hewa iliyomo inatumika hadi inaisha. Ukiyamwaga kutoka juu, yanabeba hewa mpya yakianguka. Hiyo ndiyo sayansi yote ya usiku ule. Stima zilirudi saa kumi na moja alfajiri, nikalala hapo hapo kwenye kapeti.

Miezi kadhaa baadaye, nikisoma historia ya watu waliofuga matumbawe nyumbani, nikakutana na msichana wa kazi aliyefanya kitu hicho hicho London, miaka ya 1840, kwa sababu hiyo hiyo. Katika kila nilichosoma kumhusu, hana jina. Ni "msichana wa kazi" tu. Nikahisi kama nimepigwa kofi kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza turudi nyuma zaidi, kwa swali ambalo daktari yeyote lazima aanze nalo: huyu mgonjwa ni nani?

Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya hawakuwa na jibu. Tumbawe ni gumu kama jiwe na lina matawi kama mti. Mwaka 1706 Mwitalia mmoja, Luigi Ferdinando Marsigli, aliyekuwa mwanajeshi kabla ya kuwa mtu wa sayansi, alichukua matawi ya tumbawe jekundu kutoka bahari ya kusini mwa Ufaransa, akayaweka kwenye chombo cha kioo chenye maji ya bahari. Baada ya muda vikatokeza vitu vyeupe, vidogo, vimechanua. Akayatoa majini, vikafunga. Akayarudisha, vikachanua tena. Akatangaza: ni maua! Basi tumbawe ni mmea, kesi imefungwa.

Daktari mmoja wa Marseille, Jean-André Peyssonnel, akarudia jaribio hilo miaka ya 1720, lakini yeye aliangalia kwa muda mrefu zaidi. Akaona "maua" yanajikunyata yakiguswa. Ua gani hilo linaogopa kidole? Akaandika kwamba hawa ni wanyama, wadogo, wanaoishi pamoja na kujijengea nyumba ya mawe. Barua yake ikafika kwa Réaumur, mkubwa wa wanasayansi wa Paris wakati huo, ambaye aliiona ni ya kuchekesha kiasi kwamba alipoisoma mbele ya Akademia mwaka 1726 alilificha jina la mwandishi. Eti kumlinda asiaibike. Ilichukua hadi miaka ya 1740, baada ya ugunduzi wa wanyama wengine wadogo wa majini waliofanana na mimea, ndipo Réaumur akakubali kwamba yule daktari alikuwa sahihi.

Mimi ningeweza kuwaambia bila Akademia. Tumbawe likifa kwa tangi lako, nyumba nzima inanuka samaki aliyeoza. Mmea haunuki hivyo.

Sasa London. Anna Thynne alikuwa mke wa kasisi mkubwa wa Westminster Abbey, mama mwenye hela na nafasi. Mwaka 1846 alikuwa Torquay, mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza, akayapenda matumbawe madogo ya maji baridi aliyoyaona huko, akaamua kuyabeba hadi London akiwa ameyatia kwenye chombo cha maji ya bahari. Kitu cha kwanza alichofanya ni ujanja mtupu: aliyashona kwa sindano na uzi kwenye sifongo kubwa, ili maji yayazunguke pande zote yasikae chini kugongana. Kisha tatizo. London haina bahari. Maji aliyokuja nayo yalikuwa yanachoka, na ya kuagiza kutoka pwani hayakufika kila alipoyahitaji.

Kwa hivyo akampa msichana wake wa kazi jukumu: kila siku, kwa nusu saa hadi dakika 45, asimame mbele ya dirisha lililo wazi, ayamimine yale maji kutoka chombo hadi chombo, huku na huku, yapate hewa. Kila siku! Na hii ni London, msimu wa baridi, dirisha liko wazi. Mwaka 1847 Bi Thynne akaleta mimea ya baharini ili itoe hewa yenyewe ndani ya maji, na ile kazi ya kumimina ikapungua. Akwaria yake ya maji ya chumvi ikaishi karibu miaka mitatu. Watu wengi wanaoandika historia hii wanaihesabu kuwa ya kwanza iliyosimama imara. Miaka michache baadaye Philip Henry Gosse akaandika kitabu, akwaria zikawa fasheni ya Uingereza nzima, na sifa nyingi zikamwendea yeye. Sasa hivi watu wanampigania Bi Thynne arudishiwe sifa zake, na wana haki. Lakini yule wa dirishani hakuna anayemuulizia.

Mimi nilikuwa yule wa dirishani, ndiyo maana nimeshikwa na hii stori.

Nyumba niliyofanya kazi siitaji. Mdosi alikuwa amenunua tangi likiwa limekamilika, na kazi yangu ilikuwa kusafisha kioo, kulisha samaki, kuchanganya chumvi na kujaza maji. Fahari ya tangi ilikuwa tumbawe moja ambalo wafugaji huliita nyundo, kwa sababu ncha za mikono yake zimepinda kama kichwa cha nyundo. Lilikuwa na vichwa ishirini hivi, kila kimoja juu ya tawi lake la jiwe, na taa zikiwaka mikono ilicheza kama nyasi za Maasai Mara upepo ukipita. Bei yake ilizidi mshahara wangu wa mwezi. (Na kabla hujapata mawazo: kung'oa tumbawe kwenye hifadhi zetu za bahari ni kosa kisheria, na matumbawe magumu duniani yanauzwa chini ya masharti ya mkataba wa CITES. La mdosi lilikuwa na karatasi zake.)

Halafu likaanza kunywea. Siku ya kwanza mikono ilikuwa mifupi, nikadhani limelala. Wiki ya pili, kwenye vichwa viwili nyama ilikuwa imerudi nyuma na jiwe jeupe linaonekana. Mdosi akaniangalia kwa lile jicho. "Hili likifa, na wewe unaenda." Akaagiza dawa. Tukalichovya kwenye maji yenye iodini. Ikaja chupa nyingine, na nyingine. Akanikata elfu tatu kwenye mshahara, eti ni za dawa.

Hapa ndipo historia ingenisaidia kama ningeijua mapema, kwa sababu weupe wa tumbawe ni wa aina mbili na mimi nilikuwa nimechanganya. Ndani ya nyama ya matumbawe mengi ya maji ya joto wanaishi vimwani vidogo sana. Vimwani vinatengeneza chakula kwa mwanga wa jua, tumbawe linakula sehemu kubwa ya hicho chakula, na rangi ya kahawia unayoiona ni yao. Mwaka 1928 na 1929 kikosi cha Waingereza kikiongozwa na Maurice Yonge kilikaa kisiwa cha Low Isles, kwenye Great Barrier Reef ya Australia, kikichunguza uhusiano huo. Yonge na mwenzake Nicholls wakaonyesha kwamba ukiyapasha matumbawe joto kupita kiasi, yanatapika vimwani vyao. Nyama inabaki, lakini imekuwa kama kioo, na jiwe jeupe linaonekana kwa ndani. Huyo mgonjwa ana njaa, lakini bado yuko hai. Ukimpunguzia joto mapema anaweza kuvirudisha.

Ndicho kilichotokea hapa kwetu mwaka 1998, kabla sijazaliwa. Joto la El Niño likapita Bahari ya Hindi na matumbawe ya pwani ya Kenya yakageuka meupe, Kiunga hadi Kisite. Sehemu kubwa haikuamka tena. Wavuvi wakubwa kwa umri bado wanahesabu miaka kwa ule: kabla ya weupe, baada ya weupe.

Aina ya pili ndiyo ilikuwa yangu. Nyama yenyewe inaondoka na kuacha jiwe tupu. Unaweza kuitofautisha kwa macho tu: angalia kwa ukaribu pale penye weupe, je, kuna ngozi laini juu ya jiwe, au ni jiwe kavu? La kwangu lilikuwa jiwe kavu, na nyama ilikuwa inarudi kutoka chini kwenda juu. Kipimajoto kilisema nyuzi 26, sawa kabisa. Kwa hivyo joto halina kesi. Basi ni nini?

Aliyepata jibu ni Anti, mama aliyekuwa akipika na kutunza ile nyumba. Ameniomba nisimtaje jina kwa sababu bado anafanya kazi pale. Najua. Nimeandika aya nzima nikilalamika kuhusu msichana wa London asiye na jina, na sasa nafanya yale yale. Sina la kusema.

Siku hiyo nilikuwa najaza tangi. Maji hupungua kila siku, taa na pampu zina joto, mvuke unapanda. Mimi nilikuwa narudishia kwa maji ya chumvi niliyochanganya kwenye ndoo. Kwangu ilikuwa hesabu rahisi: yaliyopotea ni maji ya bahari, narudisha maji ya bahari. Anti alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Wewe kijana, mchuzi ukikauka kwa moto, unaongeza maji ama unaongeza chumvi?"

"Maji."

"Na hapo unaongeza nini?"

Nilibaki nimeshika ndoo. Chumvi haipandi na mvuke. Inabaki. Kila siku nilikuwa nachukua mchuzi uliokauka na kuutia chumvi tena, miezi mitatu mfululizo. Nikatafuta kile kifaa cha kupima chumvi ambacho kilikuwa kimefungiwa kwenye boksi tangu tangi liletwe. Maji ya bahari ya kawaida yana kama gramu 35 za chumvi kwa kila kilo. Langu lilisoma 41. Tumbawe halikuwa na ugonjwa wowote. Mimi ndiye niliyekuwa naliunguza, polepole, kila asubuhi, kwa bidii.

Na zile dawa zote? Zilikuwa zinatibu mgonjwa huku aliyemgonjesha akiendelea na kazi yake.

Kurekebisha hakutakiwi haraka. Mnyama aliyezoea chumvi nyingi ukimshusha ghafla, mshtuko unaweza kumuua. Nilishusha kidogo kidogo kwa siku kumi na mbili: natoa lita chache za maji ya tangi, narudisha maji safi yaliyochujwa yasiyo na chumvi, napima, naandika kwenye daftari. Maji ya mfereji sikuyatumia, yana klorini, na visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi. Siku ya tano ya hiyo safari ndipo stima zikapotea.

Pale mwanzo nimewadanganya kidogo. Sikukesha peke yangu. Saa nane usiku mikono ilikuwa imekufa ganzi, Anti akatoka chumbani kwake amejifunga leso, akanipokonya jagi bila kuuliza chochote. Nililala mpaka saa kumi. Yeye alimimina masaa mawili, na saa kumi na mbili asubuhi alikuwa jikoni akichemsha chai ya watu. Nimeisimulia hii stori mara nyingi kwa marafiki na mara nyingi nimemwacha nje. Inatoka vizuri zaidi ukiwa shujaa mmoja.

Nilipoanza kusoma, nikaona ni kama kila kizazi kilirudi kwa kitu kile kile. Mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika kwenye gazeti la wafuga samaki la Marekani jinsi anavyoweka matumbawe hai nyumbani. Wenzake wakati huo walikuwa wanachemsha na kusafisha kila kitu hadi tangi linafanana na hospitali. Yeye aliweka maji ya bahari yenyewe, mawe yaliyotoka baharini yakiwa na viumbe wake wote, jua, na mapovu ya hewa. Wengi walimwona mshamba. Leo hakuna mfugaji makini anayeanza tangi la matumbawe bila kufikiria hayo mawe hai, kwa sababu bakteria waliomo ndio wanaokula uchafu.

Miaka ya 1970 Peter Wilkens, aliyeandika kwa Kijerumani, akashughulikia swali lingine: kwa nini matumbawe magumu yanakaa mwaka mmoja bila kukua kisha yanakufa? Kwa sababu yanajenga mifupa kwa kalisi iliyomo majini, na kwenye tangi kalisi inaisha. Akaanza kudondoshea maji ya chokaa, tone kwa tone.

Chokaa! Nikacheka peke yangu. Bibi zetu wa Lamu wangemwambia hilo bure. Nyumba za mawe za Lamu, kuta za Gede, zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kulundika matumbawe juu ya magogo na kuyachoma. Ukiichanganya na maji unapata kitu kile kile ambacho Wilkens alikuwa anadondoshea. Sisi tuliligeuza tumbawe kuwa chokaa, yeye akairudisha chokaa kuwa tumbawe.

Tumbawe langu lilihitaji kitu kimoja cha mwisho, na nilikiogopa kuliko vyote. Vichwa vilivyooza vilikuwa vinachafulia vizima. Ilibidi kukata. Nilitumia koleo kukata matawi ya jiwe chini ya kila kichwa kilichokufa, mikono inatetemeka, na vilivyobaki vilikuwa vitano. Vitano kati ya ishirini.

Laiti ningejua kuhusu David Vaughan. Alikuwa mtafiti kwenye maabara ya Mote huko Florida, na katikati ya miaka ya 2000, akihamisha tumbawe ndani ya tangi, akalivunja kwa bahati mbaya, vipande vidogo vikabaki chini. Alidhani ameviua. Aliporudi kuviangalia vilikuwa vimekua kwa kasi ambayo hakuwahi kuiona, kwa sababu nyama iliyojeruhiwa inakimbilia kuziba kidonda. Kutokana na ajali hiyo ikaja mbinu ya kukata matumbawe vipande vidogo makusudi na kuvipanda baharini.

Na Florida walihitaji kila mbinu. Tangu 2014 kuna ugonjwa unaokula nyama ya matumbawe ya huko, zaidi ya aina 20, na mojawapo ya dawa zilizofanya kazi ni amoksilini. Ndiyo, ile ile unayonunua kwa kemia ukiwa na koo. Wapiga mbizi wanaichanganya kwenye kitu kizito kama siagi na kuipaka kwa mkono kwenye kidonda, tumbawe moja baada ya jingine. Kidonda hicho kinaweza kusimama, lakini dawa haizuii kingine kuanza mahali pengine, kwa hivyo wanarudi tena na tena. Julai 2023 maji ya Florida yalipopata joto la kutisha, maelfu ya matumbawe yalitolewa baharini na kukimbizwa kwenye matangi ya nchi kavu. Tangi, ile anasa ya sebuleni, likawa wodi.

Kwetu kazi hii iko Kwale. Wasini na Mkwiro wanakijiji wanafunga vipande vya matumbawe kwenye vitalu chini ya maji, wanavisugua mwani usivifunike, vikikomaa wanavihamishia miambani. Ukisoma habari zao, mara nyingi utaambiwa ni "jamii ya eneo hilo".

Niliacha kazi ile mwaka uliofuata. Elfu tatu zangu sikurudishiwa. Kijana aliyenifuata nilimwachia daftari, na ukurasa wa kwanza nimeandika kwa herufi kubwa: MCHUZI. Anti akamweleza maana yake.

Nyundo sasa lina vichwa kumi na vinne. Najua kwa sababu Anti huvihesabu akipanguza vumbi, ananitumia ujumbe wa sauti. Wa juzi ulikuwa mfupi, usiku, nasikia mvua nyuma yake.

"Kijana, stima zimeenda. Huyu mwenzako analala kama gogo. Lile jagi uliliweka wapi?"

Nikamwambia: chini ya sinki, nyuma ya ndoo ya chumvi.